Kamfuata Nani?

Dada yangu alipofariki, binti yake alikuwa ndiyo kwanza anaanza kuunganisha maneno. Tulimzika Kinole, juu milimani, pembeni ya migomba ya mama yetu. Watu walipoanza kutawanyika mama alimchukua mtoto akamweka mapajani kwangu. "Huyu wako sasa," alisema. Hakukuwa na kikao. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mimi ni mdogo wake marehemu, kwa hiyo nilikuwa mama wa yule mtoto hata kabla ya msiba.

Shemeji hakupinga. Alikuwa mtu wa Tukuyu aliyekuja mkoani kwetu kutafuta kazi akaipata kwenye kiwanda cha sukari, na chumba alichokuwa anaishi kwenye kambi ya wafanyakazi kilikuwa hakina mtu wa kubaki na mtoto yeye akiwa zamu. Alikaa kwenye mkeka na wanaume wenzake, macho chini, na tulipoagana alimshika binti yake kichwani akasema, "Nitakuwa nakuja." Na kweli alikuwa anakuja, na kila alipokuja alibeba sukari na nguo ambazo mara zote zilikuwa kubwa mno.

Mimi ni fundi cherehani. Nakaa mjini Morogoro, mtaa wa chini ya mlima, na mashine yangu iko kwenye kibaraza cha nyumba yetu. Mume wangu anafanya kazi ya kuchomelea mageti, asubuhi anatoka, jioni anarudi. Tulikuwa na binti mmoja, aliyemtangulia yule wa dada kwa miezi michache tu. Tukawalea kama mapacha. Walilala kitanda kimoja, walikula sinia moja, walinyolewa na kinyozi mmoja siku moja. Wote wawili waliniita mama.

Walipoanza shule tofauti ilikuwa ndogo, ya kupuuzia. Walipofika darasa la tatu, wageni walikuwa wanamuuliza wangu, "Huyu mdogo wako yuko darasa la ngapi?" Mwanangu alikuwa anacheka na kujibu kwamba wako darasa moja. Binti wa dada hakucheka. Sketi za shule nilizishona kutoka jora moja, na kila mwaka ya mmoja nilishusha pindo na ya mwenzake niliiacha kama ilivyo.

Maneno yalianzia bombani. Mtaani kwetu maji yanapokatika tunachota kwenye bomba la jirani, na pale ndipo habari zote zinapopita. Mama mmoja, mtu mzima ambaye nilikuwa namwamkia kila asubuhi, alinijibu marahaba kisha akaendelea hapo hapo, "Hivi yule mtoto wa marehemu ana nini? Mbona hakui?"

"Anakua, mama. Taratibu tu."

"Mm. Wako naye anapaa." Akainamia ndoo yake. Wanawake wengine walikuwa kimya, na ukimya wao ulinionyesha kwamba jambo lile walishalizungumza bila mimi kuwepo.

Kwa nini niwalaumu? Mimi mwenyewe nilikuwa najiuliza. Dada yangu alikuwa mrefu, mrefu kunizidi, akipita sokoni unamwona juu ya vichwa vya watu. Shemeji ni mtu wa kawaida, si mrefu si mfupi. Mama yetu mpaka leo amenyooka. Sikumwona mtu mfupi upande wowote. Basi mtoto kamfuata nani?

Wakati wasichana wako darasa la tano, shangazi wa binti wa dada alikuja kutoka Tukuyu. Ni dada mkubwa wa shemeji, mwanamke wa sauti kubwa na mikono ya kazi, ambaye tangu kaka yake aliposilimu ili amwoe dada yangu hakuwahi kutuzoea. Nilikwenda kumpokea Msamvu na wasichana wote wawili. Aliposhuka kwenye basi alimkumbatia mwanangu wa kumzaa.

"Shangazi yangu! Umekua hivi!"

Mwanangu alisimama kama mti. Ikabidi mimi niseme, "Wifi, wako ni huyu hapa."

Alimwangalia yule mwingine. Alimwangalia kuanzia viatu mpaka kichwani, safari ambayo haikuchukua muda, na kisha akaniangalia mimi.

Alikaa kwetu karibu wiki nzima. Nilipokuwa napakua chakula alihamisha kigoda chake akakaa mahali anapoweza kuona mwiko. Sijawahi kupakua wali kwa hofu namna ile. Nilijikuta nasawazisha pande mbili za sinia ya wasichana, napunguza hapa, naongeza pale, mpaka mume wangu akaniuliza kama naumwa. Siku moja kabla ya kuondoka shangazi aliwaita wasichana, akawasimamisha mgongo kwa mgongo kwenye mlango wa sebule. Kichwa cha binti wa dada kilifika begani kwa mwenzake.

"Wako umemnyoosha," aliniambia, wasichana wakiwa pale pale. "Wa marehemu umemkunja."

"Wifi, wanakula sinia moja."

"Sinia moja ndiyo. Mwenye mkono mrefu ndiye anayeshiba."

Mwanangu alishusha macho akaangalia mikono yake. Ile sura yake bado ninayo.

Baada ya pale nyumba yetu haikuwa ile ile. Niliacha kupakua kwenye sinia, kila mmoja nikampa sahani yake. Nikaanza kumnunulia binti wa dada mayai na maziwa ya peke yake. Mwanangu alivumilia kidogo, kisha akauliza, "Mama, mimi nimekosa nini?" Nilimwambia hajakosa kitu, mwenzake anatakiwa aongezwe nguvu. "Kwani anaumwa?"

Na mlengwa mwenyewe hakutaka. Alikuwa mtoto wa kula kiasi, akishiba ameshiba. Nilikuwa naketi mbele yake nikimwambia maliza, maliza, na yeye anatafuna huku machozi yanamtiririka, hadi asubuhi moja alitapika uji na yai juu ya sare yake. Nilipokuwa namfuta alisema kwa sauti ndogo, "Mama, mimi nimeshiba. Nilishiba tangu zamani."

Haikupita muda shemeji akaja. Safari hii hakuleta sukari. Alikaa kibarazani karibu na mashine, akakataa chai, akasema dada yake anataka mtoto aende Tukuyu. "Kule kuna maziwa, kuna ndizi, kuna nyama. Si kwamba nakulaumu, shemeji."

"Sasa unafanya nini kama si kunilaumu?"

Mume wangu, ambaye si mtu wa maneno, ndiye aliyesema twende kwanza hospitali tukajue kama mtoto ana ugonjwa, halafu ndiyo tuongee habari za kuhama. Shemeji akakubali. Nafikiri alitaka mtu mwingine aseme kile ambacho yeye alikuwa hawezi kukisema.

Tulikwenda watatu, mimi, shemeji na mtoto. Daktari alikuwa binti mdogo kwangu, aliyetuamkia shikamoo kabla hajakaa. Alimpima urefu na uzito, akaangalia kadi yake ya kliniki ya utotoni, akaagiza damu na picha ya mkono, kwa maelezo kwamba mifupa ya kiganja inaonyesha kama ukuaji umechelewa. Ilibidi turudi tena baada ya majibu kutoka. Siku hiyo ya pili alimwomba mtoto akasubiri nje kwenye benchi. Mlango ulikuwa na mwanya, na mimi niliuona mwanya ule, lakini akili yangu ilikuwa kwa daktari.

"Haumwi," alisema. "Damu nzuri, homoni nzuri, mifupa inakwenda na umri wake. Ni mtoto mfupi mwenye afya."

Shemeji aliinama mbele. "Sasa kamfuata nani, daktari? Kwetu hakuna mfupi. Kwa marehemu mke wangu hakuna mfupi."

"Hajamfuata mtu mmoja."

"Kila mtoto ana anayemfuata."

Daktari hakukasirika. Alieleza polepole, na mimi nitaeleza kama nilivyoelewa. Kuna mambo mtoto anayarithi kwa kitu kimoja tu, ukiwa nacho unacho, huna huna. Urefu hauko hivyo. Urefu unatokana na vinasaba vingi, vingi mno, kila kimoja kinaongeza kidogo sana au kinapunguza kidogo sana, na hakuna hata kimoja unachoweza kukionyesha kwamba ndicho. Mtu mrefu naye anabeba vingi vya kupunguza, ila vya kuongeza vimevizidi. Mzazi anampa mtoto nusu ya vyake bila kuchagua, na mzazi mwingine vivyo hivyo. Mara nyingi vinachanganyika na mtoto anaangukia karibu na wazazi wake. Mara chache vya kupunguza vinakutana kutoka pande zote mbili, na mtoto anakuwa mfupi kuliko baba, kuliko mama, kuliko bibi zake wote. Rangi ya ngozi nayo iko hivyo, alisema, ndiyo maana tumbo moja linatoa mweusi, maji ya kunde na mweupe.

Nilielewa kupitia kazi yangu. Ninaposhona sare za shule moja, nyingi huwa za katikati, chache ndefu sana, chache fupi sana, na huwezi kuweka mkasi mahali ukasema hapa wafupi wameishia. Nikadhani tumemaliza.

Kisha daktari akasema, "Lakini urefu si wa kurithi tu. Chakula na magonjwa ya miaka ya mwanzo navyo vinachangia. Hii kadi inaonyesha kwamba kabla hajatimiza miaka miwili uzito wake ulisimama kwa muda mrefu. Kulikuwa na nini?"

Nilimwangalia shemeji. Miaka ile mtoto alikuwa kwake.

"Mama yake alikuwa anaumwa," alisema.

"Mtoto alikuwa anakula vizuri?"

"Alikuwa anakula." Alisema huku ameshika magoti. Daktari alisubiri. "Alikuwa anakula," alirudia shemeji, kwa sauti ya chini zaidi.

Nikauliza mimi. "Kwa hiyo ni kipi, daktari? Ni kurithi au ni ile miaka?"

"Siwezi kukutenganishia, mama. Hakuna mtu anayeweza, kwa mtoto mmoja. Huenda ni kurithi peke yake. Huenda ile miaka ilichukua kidogo. Ninachoweza kukuambia ni kwamba sasa hivi hapungukiwi chakula, na mayai ya kumlazimisha hayatamrefusha."

Tulitoka. Mtoto alikuwa benchini, anachezea kamba ya kiatu. Tulipofika getini shemeji alimpa hela akanunue maji kwa mama wa genge, na alipokuwa huko shemeji akaniambia yale ambayo nadhani alikuwa nayo moyoni miaka yote. Msimu ule kiwanda kilikuwa kinasaga miwa usiku na mchana. Yeye alikuwa anaingia zamu anamwacha dada yangu kitandani, hawezi kunyanyuka, na mtoto anatambaa kando yake. Jirani alikuwa anawaangalia akipata nafasi. "Nikirudi nakuta uji umeganda kwenye kikombe," alisema. "Sijui alikuwa amekunywa kiasi gani. Nilikuwa nimechoka, shemeji. Nilikuwa namwaga, napika mwingine, nalala." Akafuta uso kwa kiganja. "Dada yangu alipoanza kusema kwamba wewe ndiye unayemnyima, nilimwachia aseme."

Nilikuwa na hasira naye na nilikuwa namwonea huruma, vyote kwa pamoja, na mtoto alikuwa anarudi na chupa ya maji.

Ungetegemea kwamba jambo lingeishia hapo. Shangazi hakukubali. Kwenye simu alisema daktari wa mjini anaweza kusema chochote, na kwamba likizo ikifika anakuja mwenyewe. Mama yangu alituita Kinole. Tulipanda kwa pikipiki, njia ilikuwa na tope, ukungu umekaa kwenye minazi na migomba kiasi kwamba huoni bonde. Shangazi naye alikuja, na lazima nimpe haki yake, alipanda mlima ule bila kulalamika na akapiga magoti kumwamkia mama yangu.

Mama alizungumza kwa Kiswahili chenye lafudhi ya mlimani, akivuta maneno. Alisema mtoto ni wa ukoo huu na kaburi la mama yake liko hapa. Shangazi akasema kwao mtoto ni wa baba, na kwamba yeye anataka kumwona kaka yake akiwa na mtoto anayeonekana kuwa mtoto wa watu. Sauti zilipanda. Kisha binti mwenyewe, aliyekuwa anamenya ndizi na bibi yake jikoni, akatoka na kisu mkononi.

"Mimi siumwi," alisema. "Kila siku mnanipima. Mama ananipima, shangazi ananipima, shuleni wananipima. Nitakwenda Tukuyu. Mkimaliza kunipima huko, mniache."

Hakuna aliyetarajia. Mama yangu alimwambia aweke kisu chini. Mwanangu alianza kulia, na mwenzake hakugeuka kumwangalia. Mwisho ikakubaliwa kwamba aende, asome kule mwaka mmoja, kisha tutazame.

Mwaka ule cherehani yangu ilinitosha kuwa rafiki. Mwanangu alipata kitanda chote na hakukitaka. Alikuwa anakula kidogo, akibakiza, na nilipomuuliza alisema hataki kuwa mrefu tena. Nilimwambia huo ni upuuzi, halafu nikaenda chooni nikalia.

Simu ya shangazi ilikuja mwaka ukielekea mwishoni. Kwanza nilidhani kuna msiba, kwa sababu sauti yake ilikuwa ndogo.

"Wifi, nimempa kila kitu," alisema. "Maziwa asubuhi na jioni. Ndizi nyama. Parachichi. Nimemnyima nini?"

"Hujamnyima kitu."

"Amekua kidogo, kama wanavyokua wote. Wanangu wamempita. Juzi kanisani mama mchungaji aliniita pembeni. Aliniuliza kama mtoto wa kaka yangu anapata chakula sawa na wanangu."

Nilikuwa nimeishika simu kwa mikono yote miwili. Siku nyingi nilikuwa nimewaza namna nitakavyojisikia akija kuonja yale aliyonilisha. Sikusikia raha yoyote. Nilimwona amekaa na mwiko mkononi, watu wameweka vigoda pale wanapouona.

"Wewe ulijibu nini?" nilimuuliza.

"Nilisema anakula. Nikaona haniamini." Kisha akaniuliza, "Yule daktari wenu alisemaje?"

Nikamweleza yote kama nilivyoyaeleza hapa, yale ya vinasaba vingi vya kuongeza na kupunguza. Habari ya kikombe cha uji sikumwambia; hiyo ni ya kaka yake, akitaka atamwambia mwenyewe. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakuniomba msamaha, lakini alisema, "Basi tumemsumbua bure," na ule wingi wa "tumemsumbua" niliupokea.

Binti wa dada alirudi Januari. Alishuka Msamvu akiwa na sweta ambayo Morogoro haivaliki, amenenepa mashavu, na bado alikuwa anafika begani kwa mwenzake. "Shikamoo, mama mdogo," alisema. Ni haki yake, ndivyo ninavyopaswa kuitwa, na Tukuyu bila shaka walimfundisha kupanga watu vizuri. Nikaitika marahaba. Mwanangu alimpokea begi na wakatangulia mbele, wakitembea kwa tahadhari kama wageni.

Sasa wako sekondari. Wanaelewana, si kama zamani. Kila mmoja anakula sahani yake na kila mmoja, nimeona, huangalia ya mwenzake kabla hajaanza. Pale bombani wameshapata habari nyingine za kuzungumza. Shemeji bado anakuja, na siku hizi analeta nguo zinazomtosha binti yake, kwa sababu ameanza kumuuliza kwanza.

Mwezi uliopita binti wa dada alikaa kibarazani kunisaidia kushona vifungo. Kazini kwangu ni mwepesi, vidole vyake vinafika pasipofika vyangu. Walimu walikuwa wameanza kuwafundisha urithi, akanieleza sura nzima, mtawanyiko wa urefu, mchango wa mazingira, yote, bila kuinua macho kwenye sindano. Nikamsifu. Aliendelea kushona kidogo.

"Mama mdogo," akasema, "nilipokuwa mdogo kule kambini, baba alikuwa ananilisha?"

Niliisimamisha mashine. Nilijua basi kwamba pale hospitali benchi lilikuwa karibu na mlango kuliko nilivyodhani, na kwamba alikuwa amelibeba swali hilo mpaka Tukuyu na kulirudisha.

"Alikuwa anafanya kazi usiku," nilimwambia. "Alikuwa anakupikia uji."

"Ndiyo. Lakini nilikuwa naunywa?"

Nilimwambia sijui. Nilimwambia mama yake alikuwa anaumwa sana na baba yake alikuwa peke yake, na hakuna mtu aliye hai anayejua. Aliniangalia muda mrefu, akitafuta kama kuna kingine ninachokijua. Kisha akakata uzi kwa meno, akachukua shati lingine.

"Usimwambie kama nimeuliza," akasema.